Mdai Aliyenyamaza Makaburini

Kwa nini mtu anayedai shilingi milioni kumi na saba anyamaze siku deni lake linapoulizwa mbele ya jeneza?

Mkaguzi wa Polisi Shadya Twalib alikuwa ameliandika swali hilo juu ya ukurasa mtupu tangu Jumamosi. Sasa ilikuwa Jumanne asubuhi, na chini ya swali ukurasa ulikuwa bado mtupu.

Jumamosi hiyo ndipo Abdulnasir alipozikwa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, baba wa watoto wawili, na alikuwa amekutwa Ijumaa ndani ya shimo jipya la choo la nyumba aliyokuwa akiijenga mtaani Dunda, mfuniko wa zege ukiwa juu yake. Daktari alisema kifo kilitokea Alhamisi jioni, kwa pigo moja nyuma ya kichwa. Shadya hakuingia makaburini, kwa kuwa wanawake hawahudhurii maziko. Alisimama barabarani kando ya gari la kituo, na Koplo Hamidu ndiye aliyeingia makaburini kuwatazama watu. Kabla mwili haujateremshwa, Mzee Bwanausi, ami yake marehemu, alisimama akafanya inavyopasa. Aliuliza: yeyote anayemdai marehemu ajitokeze, ama amsamehe, ama aifuate haki yake kwake yeye Bwanausi. Aliuliza mara tatu, na sauti yake ilifika hadi barabarani.

Wadai walikuwepo, na hilo lilijulikana. Abdulnasir hakuwahi kukanyaga benki. Vyumba sita vya kupangisha alivijenga kwa fedha za watu alioonana nao kwenye simu tu, kupitia mtandao uitwao Bega, ambamo mwenye akiba humkopesha moja kwa moja mwenye shida, na mkopaji hurudisha kidogo kidogo pamoja na nyongeza kutokana na kodi ya wapangaji. Mkopaji hawaoni wakopeshaji wake kwa majina. Huwaona kwa namba. Nyumba yenyewe ndiyo rehani. Simu ya marehemu ilionyesha wakopeshaji kumi na mmoja. Wawili walijitokeza palepale makaburini, na wanane wengine wakaja baadaye: mwalimu wa Kiwangwa, wakulima watatu wa mananasi, muuguzi, mshona nguo na wenzao. Kila mmoja alionyesha namba yake.

Namba saba hakuja. Na namba saba peke yake alikuwa amekopesha zaidi ya theluthi ya fedha zote.

“Mtu wa Dar huyo,” alisema Afande Msabaha, Mkuu wa Upelelezi wa wilaya, akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. “Ana fedha za kuchezea. Hajui hata Dunda iko wapi, sembuse kujua kwamba aliyemkopesha amezikwa.”

“Tangazo la kifo limewekwa ndani ya Bega tangu Ijumaa, Afande. Amelisoma. Alama ya kusoma ipo.”

“Shadya, unatafuta mdai au unatafuta muuaji?”

“Bado sijaambiwa kwamba ni watu wawili.”

Msabaha hakucheka. Alilisogeza jalada lililokuwa mezani kwa ncha ya kidole. “Tunaye Rajabu. Fundi aliyekuwa hajalipwa wiki tano. Waligombana Alhamisi mchana mbele ya watu. Beleshi lake lina damu. Kesho asubuhi anasomewa shitaka la mauaji. Nataka jalada hili liwe limekamilika kabla ya magharibi.”

Shadya alijua maana yake. Shitaka la mauaji halina dhamana. Rajabu angeingia mahabusu na kukaa humo mwaka, miwili, pengine mitatu, akisubiri kesi isikilizwe. Nje ya dirisha, kwenye benchi la mapokezi, mkewe Mwaija alikuwa ameketi na chupa ya uji mapajani kama alivyoketi tangu Jumamosi, tumbo lake la miezi minane likimzuia kuinama. Kila askari aliyepita, Mwaija alimuuliza neno lilelile: “Anatoka leo?”

“Magharibi, Afande,” alijibu Shadya.

*

Najma, mjane wa Abdulnasir, alikuwa ndani ya eda. Hakuweza kufika kituoni, kwa hiyo kituo kilimfuata. Aliketi juu ya mkeka katika chumba kilichofungwa madirisha upande mmoja, amevaa nguo zisizo na rangi, na kandoye mtoto mdogo alikuwa amelala usingizi wa uchovu.

“Pole sana, mdogo wangu.”

“Ahsante, dada. Tumeshapoa kwa uwezo wake Mungu.”

Shadya alimpa simu ya marehemu. “Ukurasa wa Bega unafunguka. Ujumbe ndio umefungwa kwa alama nyingine. Uliwahi kumwona akifungua?”

Najma alichora alama hiyo kwa kidole pasipo kufikiri, kisha akaigeuza simu kifudifudi juu ya mkeka, hakutaka kuona.

Ujumbe baina ya Abdulnasir na namba saba ulikuwa mrefu, na Shadya aliusoma polepole tangu mwanzo. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa adabu. Mwezi wa nne, namba saba alikuwa akihimiza. Halafu, siku ya Alhamisi, wiki tatu kabla ya kifo, kulikuwa na maneno haya: *Geuza choo. Kimeelekea kibla. Sitoi fungu la mwisho mpaka kigeuzwe.* Baada ya hapo yalifuata malalamiko ya kuchelewa, onyo la kuichukua nyumba, na onyo jingine. Abdulnasir aliomba muda mara sita. Ujumbe wake wa mwisho uliandikwa Jumatano usiku: *Nimekujua. Ijumaa baada ya swala nitasimama nikutaje mbele ya watu wote.*

Ulikuwa umesomwa. Haukujibiwa.

“Jumatano ile alikwambia chochote?”

“Hakula,” alisema Najma. “Nilimwekea wali, akautazama tu. Nikamuuliza, unaumwa? Akasema, ‘Najma, huyu anayeninyonga ni mtu ninayemwamkia kila asubuhi.’ Nikamwambia nitajie. Akasema Ijumaa nitasikia pamoja na wengine.”

“Anayemwamkia. Alitumia neno hilohilo?”

“Hilohilo, dada.”

Shadya aliliandika kama lilivyo. Abdulnasir hakusema mtu anayemsalimu. Mwamkiwa ni mkubwa kwa umri, na yuko karibu kiasi cha kuonekana kila asubuhi. Mtu wa Dar wa Afande Msabaha alikuwa amekwisha kufutika.

Walipotoka nje, Koplo Hamidu alikuna kidevu. “Afande, mimi kwetu mtaani nawaamkia wazee arobaini kabla sijafika kwenye maandazi.”

“Basi tuwapunguze. Nitolee picha zote ambazo Abdulnasir aliwatumia wakopeshaji wake.”

*

Zilikuwa picha kumi na tisa. Hamidu alizipanga juu ya meza kwa tarehe: msingi, kuta, paa, milango, kibaraza, rangi. Wakopeshaji waliijua nyumba kwa picha hizo pekee. Shadya alizipitia mara mbili akitafuta choo. Hakukiona. Katika picha mbili za uani, mahali pa mlango wa choo palikuwa pamezibwa kwa mbao zilizopigiliwa misumari.

Aliagiza Rajabu aletwe.

Fundi huyo wa Fukayosi aliingia akijishika suruali, kwa kuwa mkanda wake ulichukuliwa mapokezi. Alikuwa mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Siku ya kwanza alikana, akisema beleshi huliacha uani wazi kila jioni, siku ya pili alikana, na tangu siku ya tatu hakuongeza lolote.

“Rajabu, leo sikuulizi habari za beleshi. Nieleze kuhusu choo.”

Alimtazama kama mtu anayetegewa. “Choo gani?”

“Kile kilichoelekea kibla.”

Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, aibu ilionekana usoni pake. “Lilikuwa kosa langu. Nilipima siku ya mawingu, nikakosea upande. Sinki likawekwa, zege likakauka, ndipo tukagundua kwamba anayechuchumaa anaelekea kaskazini hasa. Bwana Abdulnasir alikaribia kulia. Wapangaji wote aliowapata ni Waislamu, nani angelipa kodi ya miezi sita kwa choo kama kile? Tukaziba mlango kwa mbao, tukaagana asijue mtu mpaka tupate fedha za kukihamisha. Ndiyo maana likachimbwa shimo jipya upande wa mashariki.”

“Lile alimokutwa.”

“Lile lile.”

“Na hamkumwambia mtu? Mkeo? Vibarua?”

“Vibarua walikuwa wameshaondoka kwa kukosa malipo. Mke wangu hajui hata leo.”

“Kabla hamjapigilia mbao, nani aliingia mle?”

Rajabu alifikiri. “Mzee mmoja tu. Alikuja Alhamisi moja, adhuhuri, bosi hayupo. Akazunguka, akagonga kuta kwa fimbo, akasifu kazi. Kisha akasema tumbo linamsumbua, akaomba kujisaidia. Sikuweza kumkatalia mtu mzima. Alitoka haraka, akaniambia, ‘Fundi, umeiweka nyumba ya watu katika makosa.’ Akaenda zake.”

“Mzee gani?”

“Mzee Bwanausi. Ami yake bosi.”

Hamidu aliacha kuandika. Shadya hakubadilisha sauti.

“Abdulnasir alijua kwamba ami yake aliingia chooni?”

“Hakujua. Nilimwambia Jumatano, siku moja kabla ya… Tulikuwa tunapumzika, nikasema, hata ami yako alituonya. Akaniuliza siku gani. Nikamwambia. Akatoa simu, akaitazama, kisha akakaa juu ya mfuko wa saruji muda mrefu. Kesho yake ndipo nilipomdai mshahara, akanijibu vibaya, nami nikamjibu vibaya. Hakuwa na kawaida hiyo.”

“Siku nne, Rajabu. Kwa nini hukusema?”

“Afande, hakuna aliyeniuliza habari za choo. Mliniuliza habari za beleshi.”

*

Nyumba ya vyumba sita ilisimama nyuma ya safu ya maduka madogo ya Dunda, rangi yake ya samawati ikiwa mpya upande wa mbele tu. Mlango wa kila chumba ulikuwa umeandikwa namba kwa chokaa. Hakuna mpangaji aliyewahi kulala humo.

Shadya aling’oa mbao mwenyewe. Choo kilikuwa kama Rajabu alivyosema. Alitoa dira ya simu, akaangalia, akaandika. Kisha alikwenda kwenye shimo.

Hili ndilo lililomshughulisha Msabaha zaidi: mfuniko wa zege ulikuwa mzito mno kwa mtu mmoja, kwa hiyo fundi na vibarua wake lazima walisaidiana. Vibarua hao walikuwa wakitafutwa tangu Ijumaa. Lakini wakati wa kuutoa mwili, askari waliugeuza mfuniko kichwa chini na kuuacha hivyo uani, na hakuna aliyeutazama tena.

“Hamidu, njoo uone.”

Upande wa chini wa mfuniko kulikuwa na mistari miwili ya kutu, imenyooka, imeachana kama hatua moja. Hamidu alitembea hadi kwenye rundo la mabaki kando ya ukuta, akarudi na mabomba mawili ya chuma. Unene wa bomba uliingia sawasawa katika mistari.

“Haukubebwa,” alisema Shadya. “Uliviringishwa. Mabomba chini, mfuniko juu, mtu mmoja anasukuma.”

“Kama wanavyosukuma magogo.”

“Rajabu ni fundi. Wenzake wangeuinua kwa kamba na mti, kama walivyoushusha siku ya kwanza. Alama za kamba zipo pembeni, angalia. Aliyeufunika Alhamisi hakujua njia ya mafundi. Alitumia njia yake.”

Hamidu aliyashika mabomba kwa kitambaa, uso wake umepoteza mzaha. Kila mtu wa Dunda aliyezidi miaka thelathini aliijua yadi ya magogo na mbao iliyokuwa karibu na soko, na Mzee Bwanausi aliyeimiliki kwa muda wote huo.

“Afande,” alisema kwa sauti ndogo, “Mzee Bwanausi ndiye mweka hazina wa msikiti wetu. Alituhutubia mwezi uliopita juu ya riba. Watu walitokwa na machozi.”

“Nyongeza ya namba saba ni asilimia ishirini kwa mwaka,” alisema Shadya. “Kwa mtoto wa ndugu yake.”

Aliyafunga mabomba ndani ya mfuko wa ushahidi, akaandika saa na mahali, akampa Hamidu atie saini. Bado hakuwa na jina la namba saba. Watu wa Bega walikuwa wamejibu kwa mistari miwili tu kwamba majina ya wakopeshaji hayatolewi pasipo amri ya mahakama, na amri hiyo ingechukua wiki nzima. Magharibi ilikuwa imebakiza saa tatu.

“Leo baada ya alasiri kuna kikao cha mirathi nyumbani kwa Mzee Bwanausi,” alisema. “Wadai wote wameitwa. Mwombe Afande Msabaha afike. Mwambie nitakamilisha jalada hukohuko.”

*

Ukumbi wa Mzee Bwanausi ulikuwa na dari ndefu na ubaridi wa nyumba za mawe za mji wa zamani. Wadai kumi waliketi juu ya mikeka, wanaume upande mmoja na wanawake watatu upande wa pili. Kahawa ilikuwa imezungushwa. Afande Msabaha alikaa karibu na mlango, akitazama saa yake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetusumbukia sana.”

Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, mabega bado mapana chini ya kanzu. Mikono yake ilikuwa imepumzika magotini.

“Sitawachosha,” alisema Shadya. “Kituo kinahitaji orodha ya madeni ya marehemu ili ushahidi ufungwe. Nimewaandika wakopeshaji kumi waliojitokeza. Katika Bega yupo wa kumi na moja, namba saba, milioni kumi na saba. Aliulizwa makaburini mara tatu, akanyamaza. Kwa hiyo nimeandika kwamba hakuna mdai mwingine, na kwamba nyumba, ikishalipa hawa kumi kutokana na kodi, ni ya watoto wa marehemu. Mzee, wewe ndiye msimamizi wa mirathi. Weka saini hapa, uthibitishe kwamba zaidi ya hawa kumi, hakuna anayemdai Abdulnasir.”

Aliweka karatasi na kalamu mbele yake.

Mzee Bwanausi aliichukua kalamu. Alisoma karatasi hadi mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

“Haraka ya nini?” alisema. “Mdai anaweza kuwa safarini.”

“Amelisoma tangazo tangu Ijumaa.”

“Huenda ana udhuru.”

“Makaburini watu wote walisikia, mzee,” alisema mwalimu wa Kiwangwa kwa upole. “Tusaini tu, watoto wapate haki yao. Mimi mwenyewe nyongeza nimeisamehe.”

“Nami pia,” alidakia mshona nguo. “Huyo saba alimtesa sana marehemu. Wacha zimpotee.”

Watu wawili walicheka kidogo. Kalamu haikusogea. Shadya aliona jasho likitokeza juu ya mdomo wa mzee.

“Mzee Bwanausi, siku ile uliwauliza watu wote. Wewe mwenyewe, ulikuwa unamdai?”

“Mimi nilikuwa muulizaji.”

“Ulimdai, au hukumdai?”

“Nimekwisha kujibu. Mimi nilikuwa muulizaji.”

“Basi weka saini kwamba hukumdai. Ni neno moja juu ya maiti, mbele ya watu wanaokuamini.”

Hakuweza. Wote waliokuwa ukumbini walimwona akishindwa. Mtu aliyeweza kusimama kando ya jeneza na kuuliza mara tatu hakuweza kuandika uongo juu ya deni la marehemu, au hakuweza kuziachia milioni kumi na saba. Shadya hakujua lipi kati ya hayo mawili, na hakuhitaji kujua. Mzee aliiweka kalamu juu ya karatasi, taratibu, kama anayelaza kitu chenye uhai.

“Andika kumi na mmoja,” alisema.

Kahawa ya mtu fulani ilimwagika mkekani. Mshona nguo alitamka jina la Mungu. Afande Msabaha alikuwa amesimama.

“Choo kile ulikiona lini, mzee?” aliuliza Shadya.

“Kukopesha si kuua.”

“Nimekuuliza choo.”

Mzee Bwanausi aliinua macho na kuyatazama mabomba mawili ambayo Koplo Hamidu alikuwa ameyaingiza ukumbini ndani ya mfuko wa plastiki.

“Shadya,” alisema Msabaha kwa sauti ya chini, “jina kutoka Bega hatunalo. Huyu ni mweka hazina wa msikiti. Una hakika na unachotaka kufanya? Fikiria mpaka kesho.”

Shadya aliikunja ile karatasi, akaiweka ndani ya jalada, akalifunga. Alizungumza akiwatazama wadai, si mkuu wake, ili kila mmoja asikie na aweze kulirudia neno kama lilivyosemwa.

“Rajabu hapelekwi mahakamani kesho. Anarudi Fukayosi na mkewe leo, kabla ya magharibi, na mwenye kuulizwa juu ya hilo ni mimi. Mzee Bwanausi, nakukamata kwa kosa la kumuua Abdulnasir. Simama, twende.”